Simu moja imeagizwa, mama kapigiwa mara tatu: kosa ni la maktaba ya programu au ni la kodi niliyoiandika?

#1 Fundi_Nyakato
Wakuu, habari za jioni. Naomba tusaidiane, jambo hili limeninyima usingizi.

Nina mfumo mdogo wa kliniki ya mama na mtoto huku Mwanza. Kila asubuhi saa 3 unawapigia simu akina mama ambao tarehe yao ya kliniki ni kesho. Mama akipokea anasikia sauti ya muuguzi wetu tuliyoirekodi wenyewe, kwa sababu ile sauti ya mashine inatamka "ng'" kama mtu aliyekabwa koo. Sekunde 22, kisha simu inakata. Nimeandika kwa lugha ya Python na Django, na natumia maktaba rasmi (kodi iliyokwisha andikwa) ya mtoa huduma wa simu, si mimi ninayeunda maombi ya HTTP, yale ya wavuti, kwa mkono.

Alhamisi mama mmoja alipigiwa mara tatu ndani ya dakika nne. Simu zote tatu alizipokea. Hakusubiri kesho, alipanda daladala akaja mchana ule ule, mtoto mgongoni, jasho linamtoka, anauliza majibu ya vipimo vya mwanawe yana nini. Akilini mwake hospitali haikupigii mara tatu kwa jambo jema. Mimi nilikuwepo pale dirishani. Sitaki kumwona tena mama yeyote katika hali ile.

Kwenye kodi yangu simu inaagizwa mara moja. Ninachoamini ni kwamba maktaba yenyewe inarudia ombi kimyakimya bila kunijulisha. Nani amewahi kukutana na hili?

#2 Bandari_Kuu
Pole kwa huyo mama. Lakini mkuu, maktaba ya aina hii haina uchawi. Inachukua namba, inachukua funguo zako za akaunti, inapanga vizuri, inatuma POST moja (ombi la kuagiza kitu) kwenda kwa mtoa huduma, inakurudishia jibu likiwa kitu cha Python. Basi. Kabla hatujaihukumu, weka hapa ile sehemu inayoagiza simu. Ficha funguo.

#3 Fundi_Nyakato
Hii hapa, majina nimeyabadilisha kidogo:

```
for jaribio in range(3):
    try:
        jibu = mteja.piga(kwenda=namba, kutoka=NAMBA_YETU,
                          sauti=KIUNGO, timeout=30)
        break
    except Exception:
        time.sleep(5)
```

#4 Mwalimu_Soketi
Fundi, umesema simu inaagizwa mara moja, na hapo mbele yetu kuna `range(3)`. Mara tatu, simu tatu. Hesabu imejileta yenyewe.

Ngoja nieleze kwa ajili ya wanaosoma baadaye. Ombi lako linatoka, linafika kwa mtoa huduma, analikubali, simu ya mama inaanza kuita. Jibu linarudi, mtandao unakatika njiani au linachelewa. Upande wako maktaba inapiga kelele kwamba muda umeisha. Wewe unatafsiri "muda umeisha" kuwa "simu haikupigwa", unaagiza nyingine. Ni sawa na mtu aliyetuma pesa kwa simu, ujumbe wa uthibitisho ukachelewa, akatuma tena, halafu zote mbili zikafika.

Kosa halipo kwenye kurudia peke yake. Lipo kwenye `except Exception`, kwa sababu umetia kapu moja mambo matatu tofauti: ombi halikutoka kabisa, ombi limekataliwa, na ombi limetoka ila hujui yaliyolipata. Mawili ya kwanza rudia au acha, hakuna wa kuumia. Hilo la tatu ndilo lililompandisha mama daladala.

#5 dada_seva
Mwalimu yuko sahihi, ila niongeze jambo kuhusu hoja ya #1, maana Fundi hakuota.

Maktaba nyingi za Python za kazi hii zimejengwa juu ya requests, nayo requests imekaa juu ya urllib3, zote mbili ni maktaba za kutuma maombi ya wavuti. Requests ikiachwa kama ilivyo hairudii kitu, `max_retries` ni 0. Mtu akiiwekea `Retry` ya urllib3, aina za maombi zinazorudiwa bila kuulizwa ni GET (kuuliza tu), HEAD, PUT, DELETE, OPTIONS na TRACE. POST haimo, na kuagiza simu ni POST. Muunganisho ukishindikana kabla ombi halijatoka, hapo hata POST itarudiwa, lakini hiyo haina madhara kwa kuwa upande wa pili haujapokea kitu.

Kwa hiyo maktaba kurudia kimya kimya inawezekana tu kama aliyeiandika, au wewe, ameongeza POST kwenye orodha. Fungua faili la maktaba ulisome. Ni Python, iko wazi, haiumi.

Jambo la pili: hiyo `timeout=30` una uhakika ni ya mtandao? Kwenye maktaba ya Twilio, `timeout` unayoiweka ndani ya `calls.create` ni sekunde za simu kuita kabla haijaachwa, na usipoiweka ni 60. Muda wa kusubiri jibu la HTTP unawekwa kwingine kabisa, kwenye kile kinachotuma maombi. Neno ni lile lile, mambo ni mawili.

#6 Fundi_Nyakato
Dada, nimetoka kusoma nyaraka za huyu wa kwangu. Umeniokoa. Ni sekunde za kuita! Muda wa mtandao niliuweka pale ninapoanzisha `mteja`, na ni sekunde 5. Mwaka mzima nimeamini nasubiri 30.

Kwenye faili la maktaba sijaona mahali POST inarudiwa. Nimeangalia mara mbili.

#7 Bandari_Kuu
Sekunde 5 na laini za asubuhi! Hapo nakazia ya Mwalimu.

#8 Kijana_Uyole
Wakuu mmekimbilia mtandao haraka mno. Mimi nauliza: huyo mama yumo mara ngapi kwenye kanzidata?

Nilikuwa na mfumo wa ushirika wa wakulima, orodha inaletwa na makatibu kwa Excel. Mkulima mmoja alikuwa na sura tatu: 0754..., 255754..., na +255754... Kwa mfumo ni watu watatu. Yupo na wa nne, 754... tupu, kwa sababu Excel ikiona namba inaanza na sifuri inaila sifuri. Na ile ndefu ya 255 unaletewa 2.55754E+11, na ukihifadhi faili likiwa hivyo kwa CSV, tarakimu za mwisho zimekwenda na hazirudi.

Dawa yake: safisha namba zote ziwe muundo wa E.164, yaani alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, namba, jumla isizidi tarakimu 15. Usijiandikie kanuni zako. Tumia `phonenumbers`, ambayo ni libphonenumber ya Google iliyohamishiwa Python. Unaiambia nchi ni "TZ", inakurudishia +255 safi.

#9 pwani_msimbo
Salaam kutoka Mombasa. Nakubaliana na Uyole kuhusu kutojiandikia kanuni. Kwetu tulikuwa na ukaguzi unaosema namba halali lazima ianze na 07. Mwaka 2019 zikaja namba za 01, 0110 na 0100 na nyinginezo, na mfumo ukawa unawakataa watu wazima wenye laini zao halali. Tuligundua kwa malalamiko dirishani.

Na nyie Tanzania msibashiri mtandao kwa kuangalia tarakimu za mwanzo. Tangu Machi 2017 mtu anahama kampuni na namba yake, kwa hiyo 075 inaweza kuwa imekaa popote.

#10 Fundi_Nyakato
Uyole, nimeangalia. Yumo mara MBILI. Moja ameandikishwa zahanati kwa 07, nyingine kituo cha afya kwa 255 bila alama. Tarehe ya kliniki ni ile ile.

Lakini mbili si tatu.

#11 Kijana_Uyole
Moja imerudiwa na kitanzi chako, jumla tatu. Naomba nipewe ushindi.

#12 Mwalimu_Soketi
Ushindi gani, umechukua hoja yangu ukaivalisha kanzu yako.

#13 Foleni_Ndefu
Poleni na majukumu. Swali ambalo hakuna aliyeuliza: hizi simu za saa 3 asubuhi zinapangwa vipi? Cron (ratiba ya seva yenyewe), au Celery (programu ya foleni za kazi)?

#14 Fundi_Nyakato
Celery, na Redis ndiyo inayoshika foleni. Saa 12 jioni mfumo unachambua orodha, unaweka kila simu kwenye foleni na `eta` (wakati wa kutekelezwa) ya saa 3 asubuhi.

#15 Foleni_Ndefu
Nilijua. Sikilizeni hii, imeshatafuna wengi.

Redis ikiwa foleni ya Celery, kazi ikichukuliwa na programu ya kuitekeleza bila kuthibitishwa ndani ya muda fulani, Redis inadhani aliyeichukua amekufa, inaitoa tena kwa mwingine. Muda huo kwa kawaida ni saa moja, sekunde 3600. Kazi yenye `eta` inakaa mkononi bila kuthibitishwa mpaka wakati wake ufike. Toka saa 12 jioni hadi saa 3 asubuhi ni saa 15. Maana yake usiku kucha inagawiwa upya, na asubuhi wote walioishika wanaitekeleza. Imeandikwa kabisa kwenye nyaraka za Celery, sehemu ya Redis.

Maktaba ya simu haina kosa hata chembe. Inatii kila anayeiita.

#16 dada_seva
Hoja nzito, lakini kwa hesabu yako angepigiwa zaidi ya mara kumi, si tatu. Na akina mama wengine wote nao wangelalamika.

#17 Foleni_Ndefu
Fundi, `visibility_timeout`, yaani ule muda wa kugawa upya, kwenye mipangilio yako ni ngapi?

#18 Fundi_Nyakato
Aliyekuwepo kabla yangu aliweka sekunde 21600.

#19 Foleni_Ndefu
Saa 6! Ya kwanza saa 12 jioni, inatolewa tena saa 6 usiku, inatolewa tena saa 12 asubuhi. Saa 3 kamili zipo tatu mkononi. Tatu!

#20 dada_seva
Kwa hiyo tuna "tatu" tatu zinazogombania mama mmoja. Kitanzi kinatoa tatu. Rekodi mbili na kurudia mara moja, tatu. Celery, tatu. Na ya Foleni ikiunganishwa na rekodi mbili za Uyole inakuwa sita. Ndiyo sababu sipendi hesabu inayolingana upesi. Fundi, kila simu inayokubaliwa na mtoa huduma ina kitambulisho chake. Kwa wanaotumia Twilio ni kile kinachoanza na CA. Omba ripoti ya siku ile, vipange karibu na logi zako.

Na Foleni, kama zote zilikuwa mkononi saa 3 kamili, kwa nini zimeachana kwa dakika nne?

#21 Foleni_Ndefu
Akaunti nyingi zina kikomo cha simu ngapi kwa sekunde, au njia chache za sauti kwa wakati mmoja. Ziada zinasubiri foleni kwa mtoa huduma, au zinarudishiwa 429, jibu la "umezidisha maombi". Akirudishiwa 429, kitanzi chake kinalala sekunde 5 na kurudi.

#22 Mzee_wa_Saa
Nitoke kidogo nje ya mada ila iko karibu. Angalieni na SAA. Kulikuwa na mfumo wa kukumbusha watu kumeza dawa, mhudumu alijaza fomu "saa 2" akimaanisha saa mbili asubuhi kama anavyosema kila siku ya Mungu. Mfumo ukasoma 02:00. Wagonjwa wakapigiwa saa nane usiku wa manane. Mmoja alijibu akidhani kuna msiba.

Baada ya hapo walibadilisha fomu, ukawa unachagua kwanza asubuhi, mchana, jioni au usiku, ndipo saa, na chini yake inaandika kwa maneno "Simu itapigwa saa mbili asubuhi". Kwenye kanzidata weka UTC (saa ya kimataifa), kwetu tofauti ni saa 3 mwaka mzima, hakuna kubadilisha saa kama Ulaya.

#23 pwani_msimbo
Mzee, hii ya saa ingefaa uzi wake. Nimeihifadhi.

#24 Kengele_Mbili
Bado kuna mlango mmoja hamjaufungua, anwani ya mrejesho. Simu ikiisha, mtoa huduma anaita anwani yako ya wavuti kukuambia matokeo. Kwa mfano Africa's Talking wanatuma `sessionId`, namba, na `isActive`: ikiwa 1 simu iko hewani na unajibu kwa XML ya cha kusema, ikiwa 0 simu imeisha na unapewa sekunde zilizotumika na gharama. Fundi, ikija taarifa kwamba simu haikupokelewa, unafanya nini?

#25 Fundi_Nyakato
Naiweka tena kwenye foleni, ipigwe baada ya dakika 2.

#26 Kengele_Mbili
Dakika 2, na tena dakika 2. Dakika nne! Hiyo ndiyo nafasi ambayo Foleni alikuwa anaitafutia maelezo.

#27 Mwalimu_Soketi
Lakini mama anasema alizipokea zote. "Haikupokelewa" ingetoka wapi?

#28 Kengele_Mbili
Inategemea unavyosoma jibu. Kuna mifumo inayotafsiri simu iliyokatwa mapema kuwa imeshindwa. Mama akipokea, akasikia kimya sekunde mbili kabla sauti haijaanza, akakata, inaweza kurudi kama fupi mno. Na lile faili la sauti liko wapi? Kama mtoa huduma anakuja kulivuta kwenye seva yako kila simu, na laini ya seva ni nzito, mama anasikia kimya.

#29 Kijana_Uyole
Naomba pia aangalie kama anwani yake ya mrejesho inahakiki saini ya mtoa huduma. Mtu yeyote akiijua anaweza kutuma "haikupokelewa" ya uongo na kukumalizia salio. Kwa Twilio saini inakuja kwenye kichwa cha ombi, X-Twilio-Signature, na inakokotolewa pamoja na anwani kamili. Ukiwa nyuma ya nginx (seva ya mbele inayopokea maombi), programu yako inadhani imeitwa kwa http wakati wao waliita kwa https, saini inakataa. Watu wengi wakifika hapo wanazima uhakiki. Msizime, rekebisheni `X-Forwarded-Proto`, kichwa kinachosema kama ni http au https.

#30 Mkunga_Mstaafu
Watoto wangu, mimi kompyuta siijui sana, mwanangu ndiye amenionesha mazungumzo haya. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi. Naomba mjue kwamba simu nyingi za akina mama si zao peke yao. Ni ya mume, au ya mama mkwe, au ya jirani mwenye chaji. Simu ya hospitali ikiita mara tatu, anayeulizwa maswali nyumbani ni yule binti. Kwa hiyo tafadhali msipime kwa gharama ya salio tu.

#31 Fundi_Nyakato
Shikamoo mama. Nimekusoma, asante sana. Sauti tuliyorekodi haitaji kipimo wala ugonjwa, inasema tu "kumbuka kadi yako ya kliniki kesho". Hilo la simu ya pamoja sikulifikiria kwa uzito huu.

#32 dada_seva
Marahaba ya mama itakuja yenyewe. Nirudi kwenye tiba, maana chanzo chochote kati ya hivi, tiba moja inavifunika vingi. Tengeneza jedwali la miito kwenye kanzidata ya PostgreSQL, na uweke sharti la kutorudia mstari

`UNIQUE (namba, tarehe_ya_kliniki, aina)`

namba ikiwa imeshasafishwa kama alivyosema Uyole. Kabla ya kuita maktaba, ingiza mstari. Ukikataliwa, kuna mwenzako ameshaagiza, acha. Celery ikigawa mara kumi, wa kwanza tu ndiye anapita. Na kama mtoa huduma wako anapokea kitambulisho cha ombi cha kwako, mpe huo huo kila unaporudia, yeye mwenyewe atatambua ni ombi lile lile.

#33 Foleni_Ndefu
Sikubaliani moja kwa moja. Ukiingiza mstari kwanza, kisha umeme ukakatika kabla simu haijaagizwa, mama huyo hapigiwi kabisa. Anakosa kliniki. Kipi kibaya zaidi?

#34 dada_seva
Weka hali kwenye mstari: "imeandaliwa", "imeagizwa", "haijulikani". Zile zilizokwama kwenye "haijulikani" usizirudie kwa kubahatisha. Muulize mtoa huduma kwa GET kama kuna simu kwenda namba hiyo dakika hizo. GET unaweza kurudia hata mara mia, haimwamshi mtu.

#35 Foleni_Ndefu
Na mtoa huduma akichelewa kuionesha kwenye orodha?

#36 dada_seva
Muuguzi apige kwa mkono. Hazitazidi chache kwa siku.

#37 Mwalimu_Soketi
Hapo kwa muuguzi nakubali. Kwa Celery bado naona mmemsingizia. Kitanzi na sekunde 5 vinatosha.

#38 Fundi_Nyakato
Wakuu, nimepata ripoti ya mtoa huduma, nimekaa nayo tangu adhuhuri.

Simu tatu, vitambulisho vitatu tofauti. Ya kwanza na ya pili ziko kwenye logi zangu, na zote mbili zina namba moja ya kazi ya Celery. Ya kwanza saa 3:00:07, ya pili saa 3:01:50.

Ya tatu, saa 3:03:41, HAIPO kwenye logi zangu popote. Kwenye ripoti ipo, imetoka kwa funguo zangu, imelipiwa, mama ameipokea sekunde 22. Na imekwenda kwa ile namba ya 255.

#39 Foleni_Ndefu
Namba moja ya kazi kwa mbili! Kazi iliyotolewa upya inabaki na namba yake. Nilisema.

#40 Mwalimu_Soketi
Na kitanzi ndani ya kazi moja nacho kinabaki na namba hiyo hiyo. Tofauti ni sekunde 103. Jaribio moja kwako ni sekunde 5 za kusubiri na 5 za kulala. Hebu tuone kama kati yake kuna 429.

#41 Kijana_Uyole
Na ile ya 255 mbona mnaipita? Rekodi ya pili!

#42 dada_seva
Simu ambayo imetumia funguo zako na haipo kwenye logi zako imetoka kwenye mashine nyingine. Fundi, kuna seva ya majaribio? Iliyonakiliwa pamoja na kanzidata na faili la mipangilio?

#43 Fundi_Nyakato
Ipo. Niliiwasha Jumatano usiku kujaribu toleo jipya la Django. Funguo ni zile zile.

Nimeizima sasa hivi. Nimeomba funguo mpya, na muda wa mtandao nimeupandisha. Kitanzi nimekitoa kabisa mpaka nimalize jedwali la #32. Mipangilio ya Celery sijaigusa, nataka nione kama zile mbili zitajirudia bila kitanzi. Kesho kuna akina mama 37 kwenye orodha, na kabla ya saa 3 nitakuwa kituoni na logi wazi mbele yangu. Simu ya pili ikitaka kutoka kwa mama yeyote, naikata kwa mkono.

#44 Mkunga_Mstaafu
Na yule mama wa Alhamisi, kuna aliyempigia kumweleza?

#45 Fundi_Nyakato
Muuguzi amempigia leo mchana, kwa simu yake mwenyewe. Wameongea kama dakika kumi.